Nyonyo: kutoka maji ya Ngarambe hadi chembe za nano

Niko Kibiti kikazi, wiki ya pili sasa, nafuatilia habari za korosho na mikoko. Lakini leo naomba tuweke korosho pembeni tuzungumze nywele. Ndiyo, NYWELE. Na kama unadhani hii ni mada ya dada zetu peke yao, subiri kidogo, maana akina kaka wenye uwaraza wa miaka ishirini na nane nao wamo humu.

Kilichonichokoza ni chupa. Ukishuka stendi ukazunguka kwenye meza za vipodozi, utakuta chupa ndogo zenye lebo zilizochapwa kwa kompyuta: MAFUTA YA NYONYO, HUKUZA NYWELE, HUZUIA KUNYONYOKA. Kiswahili nacho kina utani wake, yaani nyonyo ndiyo inatumwa kwenda kuzuia kunyonyoka! Sasa ukirudi Dar, chupa zilezile zimevaa suti. Bei imepanda mara kadhaa na kwenye lebo limeongezwa neno moja fupi: NANO. Mafuta ya nano, maji ya nano ya kukuza nywele, mimea asilia kwa teknolojia ya nano. Neno likishakuwa halieleweki, basi linaheshimika.

Nikajiuliza maswali matatu. Hii nyonyo imetoka wapi? Hiyo nano ni mdudu gani? Na hivi viwili vinakutana wapi, kama kweli vinakutana? Nilipoanza kuchimba nikakuta historia ndefu kuliko nilivyotarajia, na kipande chake kimoja kinapita humuhumu Rufiji. Twende pamoja.

MMEA WA KWETU

Nyonyo ni mbegu ya mti unaoitwa mbarika, wengine wanauita mbono. Wataalamu wa mimea wanauita Ricinus communis, na wengi wao wanaamini asili yake ni upande huu wa Afrika, mashariki na kaskazini mashariki. Kwa maneno mengine, huu si mmea ulioletwa na meli ya mtu. Huku unaota wenyewe kando ya mashamba na nyuma ya nyumba, na mtoto yeyote anaweza kukuonyesha zile mbegu zenye madoadoa kama kupe aliyeshiba.

Na habari ya nyonyo na nywele si ya jana. Kuna hati ya tiba ya Misri ya kale inayojulikana kama Papyrus Ebers, iliyoandikwa takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo. Ndani yake kuna sehemu inayoeleza faida za mmea ambao wasomi wengi wanakubaliana kuwa ndiyo mbarika. Moja ya faida hizo: mbegu zisagwe, zichanganywe na mafuta, na mwanamke ajipake kichwani ili nywele zikue. Hiyo ni miaka 3,500 hivi iliyopita. Kwa hiyo ile lebo ya pale stendi, msomaji wangu, ni tangazo lenye umri sawa na mafarao.

Huku Kibiti nilimkuta bibi mmoja anayekamua mafuta haya nyumbani kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu, pita ukae."

Akanieleza hatua kwa hatua: mbegu zinakaangwa, zinatwangwa, zinachemshwa kwa maji mengi, mafuta yanaelea juu, yanaenguliwa, yanachemshwa tena mpaka maji yote yakauke. Akanionya kwa ukali kwamba mbegu mbichi haitafunwi, na watoto wanafukuzwa karibu na kinu. Bibi yuko sahihi kabisa. Mbegu ya nyonyo ina sumu kali iitwayo risini. Sumu hiyo ni protini, haiyeyuki kwenye mafuta, na moto mkali huiharibu. Yaani hatua zake zote za jikoni zina sababu ya kikemia, ingawa yeye hakuzisomea kemia.

Jambo la mwisho aliloniambia nililiandika vizuri kwenye daftari. Kwa maelezo yake, mafuta hayafanyi kazi kwa kumwagiwa, yanafanya kazi kwa kuchuliwa. Vidole ndivyo vinavyoyaingiza. Likumbuke hilo, tutakutana nalo Berlin.

MAJI YALIYOBEBA KITU

Sasa tufike Ngarambe. Mpaka katikati ya miaka ya 2010 Kibiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji, kwa hiyo historia ya Rufiji ni historia ya hapa. Ngarambe iko ng'ambo ya mto, na ndiko alikoishi Kinjeketile Ngwale. Mwaka 1904 alianza kutangaza kwamba amepokea nguvu kutoka kwa mzimu Hongo, na kwamba anayo dawa itakayofanya risasi za Wajerumani ziwe maji.

Wote tulisoma hayo shuleni, na wengi tuliisoma tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Ila kuna jambo ambalo mimi shuleni sikulisikia: dawa ile ilikuwa na nini ndani. Maelezo yaliyoingia katika vitabu vya historia yanataja maji, mbegu za mtama au uwele, na mafuta ya NYONYO. Watu walinyunyiziwa, wengine wakanywa, wengine wakaibeba kwenye vibuyu vidogo.

Kinjeketile alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, kung'oa pamba ya kulazimishwa na kuanzisha vita. Vita vile vilienda mpaka 1907. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalisema watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wa baadaye wanataja idadi kubwa zaidi, wengine mpaka 250,000 na kupita, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Kuna watu hupenda kuisimulia habari hii kwa kicheko, eti wazee wetu walijipaka maji wakaenda kupigwa risasi. Mimi sicheki. Kikemia, dawa ile haikuzuia risasi hata moja. Lakini ilibeba kitu kingine. Kabla yake, watu wa kusini walipigana na Mjerumani kila kabila kivyake. Dawa ya Ngarambe ilisafiri mkono kwa mkono, kutoka Rufiji hadi Ungoni, na ilikopita ilibeba kiapo kimoja. Umoja ulifika. Kinga haikufika. Ni mambo mawili tofauti yaliyowekwa katika kibuyu kimoja, na waliokunywa hawakuwa na njia ya kuyatenganisha mpaka risasi ya kwanza ilipolia.

Naomba ushike wazo hilo, maana ndilo litakalotusaidia kwenye nywele: kitu kinachobebwa ni kimoja, kibebeo ni kingine, na kuamini kwamba kimefika si sawa na kufika.

UKUTA UITWAO NGOZI

Kazi kubwa ya ngozi ni kuzuia vitu visiingie. Mvua inanyesha, jasho linatoka, matope ya delta yanakupaka mpaka magotini, na wewe ndani uko salama. Sasa ngozi hiyohiyo ukiiletea dawa, nayo inazuiwa. Shina la unywele limekaa chini, ndani ya kifuko kilichozama milimita kadhaa kwenye ngozi ya kichwa. Kupaka kitu juu ni rahisi, ila kukifikisha chini ndiyo kazi.

Mfano ni mapunye. Wengi tuliugua utotoni na tukapakwa kila kitu, kuanzia mafuta ya taa hadi majani. Mapunye ni fangasi, na fangasi huyo anakaa ndani ya unywele na kifuko chake. Ndiyo maana madaktari huandika vidonge, kwa mfano griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Dawa ya kupaka peke yake haifiki anakojificha.

Dawa ya kupaka iliyo maarufu kuliko zote duniani kwa upotevu wa nywele, minoksidili, ilipatikana kwa bahati. Kampuni ya Upjohn ya Marekani iliitengeneza kama kidonge cha shinikizo la damu, ikaruhusiwa huko mwaka 1979. Wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali wasipozitaka, usoni na mikononi. Wajanja wakaelewa kwamba tatizo la mmoja ni biashara ya mwingine. Mwaka 1988 minoksidili ya kupaka iliruhusiwa Marekani kwa wanaume wenye upara kwa jina la Rogaine, na mwaka 1991 kwa wanawake. Shida yake ni ileile ya ukuta: sehemu kubwa ya dawa hubaki juu, na vimiminika vinavyoiyeyusha, alkoholi na propilini glaikoli, huwasha ngozi za wengi. Wapo wanaoiacha kwa sababu ya muwasho kabla haijapata muda wa kufanya kazi.

NANO NI NINI BASI

Hapa ndipo nano inaingia. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita 70,000 hivi, wengine zaidi, wengine chini ya hapo. Kibebeo cha nano ni kijimfuko au kijitone cha nanomita makumi hadi mamia chache, ambacho ndani yake unaweka dawa, na nje kimetengenezwa ili kipite mahali ambapo dawa yenyewe isingepita.

Vijimfuko vya mwanzo viligunduliwa na Mwingereza Alec Bangham huko Babraham, karibu na Cambridge, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliona kwamba aina fulani za mafuta zikiwekwa kwenye maji hujikunja zenyewe zikawa vipira vyenye maji ndani. Vikaitwa liposomu. Unajua nani aliwahi kuviuza madukani? Wenye vipodozi! Dior walitoa krimu yenye liposomu, Capture, mwaka 1986. Dawa ya saratani iliyobebwa na liposomu, Doxil, iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, miaka tisa baadaye. Kwa hiyo tabia ya urembo kutangulia mbele ya tiba haikuanzia Kariakoo.

Na Berlin sasa. Mwaka 2007 Jürgen Lademann na wenzake wa hospitali ya Charité walichapisha utafiti uliofanywa kwenye ngozi ya nguruwe, ambayo inafanana sana na ya binadamu, kisha kwenye ngozi ya watu. Walipaka chembe zenye ukubwa wa nanomita kama 320, na pia rangi ya kawaida isiyo na chembe, wakafuatilia vinafika wapi kwenye vifuko vya nywele. Kwenye ngozi ya nguruwe chembe zilizama zaidi, na kwenye ngozi ya watu zilikaa humo hadi siku 10, wakati rangi ya kawaida ilikaa siku 4. Lakini chembe zilizama zaidi PALE NGOZI ILIPOCHULIWA. Unywele una magamba kama ya samaki. Ukiutikisa kwa kuchua, yale magamba husukuma chembe za ukubwa unaofaa kwenda chini.

Bibi wa Kibiti na maabara ya Berlin wamekubaliana kuhusu vidole. Usikimbilie kushangilia lakini. Kuchua kulisukuma chembe zilizotengenezwa kwa kipimo, na nyonyo ya kwenye chupa si chembe. Ni mafuta mazito, kama asilimia 90 ni asidi iitwayo risinoleiki. Yanang'arisha unywele na kupunguza kukatika kwa sababu yanaufunika. Ila kuotesha nywele mpya? Mpaka leo hakuna jaribio zuri la kitabibu lililothibitisha hilo. Hata mafuta ya nazi, ambayo utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha yanaingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, yalisifiwa kwa kulinda unywele uliopo, si kwa kuotesha mwingine. Na waliofanya utafiti huo walikuwa wa Marico, kampuni inayouza mafuta ya nazi. Ni vizuri kulijua hilo.

Kwa mimea asilia, jaribio linalotajwa sana ni la Iran la mwaka 2015. Watu 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa, nusu wakapaka mafuta ya rozimeri, nusu minoksidili ya asilimia 2, kwa miezi sita. Mwishoni makundi yote mawili yaliongeza nywele bila tofauti kubwa. Ni jaribio dogo, halikuwa na kundi lililopaka kitu kisicho dawa, lakini angalau watu walihesabiwa. Tangu hapo maabara nyingi, hasa za Asia na Mashariki ya Kati, zinajaribu kuweka viini vya mimea ndani ya vibebeo vya nano. Mengi ya majaribio hayo yako kwenye panya na ngozi za maabara.

NYONYO INARUDI KWA MLANGO WA NYUMA

Sasa sikia kituko. Nyonyo yenyewe tayari imo kwenye dawa za kisasa, ila si kama dawa. Imo kama KIBEBEO. Kampuni ya Kijerumani ya BASF iliyapitisha mafuta ya nyonyo kiwandani ikapata kiyeyushi kiitwacho Cremophor EL. Dawa ya saratani ya paklitakseli, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1992, haiyeyuki kwenye maji, hivyo ikabebwa na kiyeyushi hicho cha nyonyo. Kilibeba vizuri, ila kiliwasababishia baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Mwaka 2005 ikaruhusiwa Abraxane, ambayo ni paklitakseli ileile iliyobebwa na chembe za nano za protini ya albumini, bila nyonyo. Na ndugu mwingine wa kiyeyushi hicho bado hutumika kutengeneza matone ya nano, yakiwemo yale yanayojaribiwa kwenye ngozi.

Yaani mbegu ambayo Ngarambe ilitiwa kwenye dawa ya kumpinga Mjerumani, kiwanda cha Mjerumani kiligundua kwamba kazi inayoiweza zaidi ni kubeba. Historia ina ucheshi wake mchungu.

NA SISI JE?

Usije ukadhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza kazi ya tiba za nano katika taasisi ya CSIR, Pretoria, hasa kufungasha dawa za kifua kikuu ndani ya chembe ili mgonjwa asilazimike kumeza kila siku. Baadaye akaja Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Hapohapo Arusha, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji la nano, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Muhimbili ina taasisi ya utafiti wa tiba asili ambayo mizizi yake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974.

Na kwa dawa ya kupaka, Moshi kuna mfano wa kujivunia. Kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hospitali ya KCMC, hutengenezwa KiliSun, krimu ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino dhidi ya jua. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa juhudi za mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, na BASF ileile ikisaidia viambato na utaalamu. Hawakuanza na lebo. Walianza na ngozi ya mtu wa hapa na jua la hapa. Ndiyo maana naamini inawezekana.

Kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu kuna muda unaopotea. Kule Cape Town, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake waliwachunguza wanawake watu wazima wa Kiafrika wakakuta karibu theluthi moja wana upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa: rasta nzito, misuko ya kubana, hasa juu ya nywele zilizotiwa dawa. Mwanzoni hali hiyo inarudi ukiacha kuvuta. Ikiachwa miaka, kifuko cha unywele kinageuka kovu, na kovu haliotoi nywele, hata ulipake nyonyo, nano, au vyote viwili.

Humu Kibiti nilikaa saluni moja asubuhi nzima. Dada mmoja, umri wa chuo, paji lake limerudi nyuma pande zote mbili. Amenunua chupa tatu kwa mwaka mmoja. Juu ya kila chupa alisukwa tena, kwa kubana vilevile, ili pafunikike. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ya kwanza ilikuwa bure: kulegeza msuko. Chupa ilimpa matumaini, na matumaini yakamlia muda.

Kisheria pia pana pengo la uelewa. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, dawa ziko chini ya TMDA. Mafuta ya kung'arisha ni kipodozi. Ukisema yanatibu upara, umeshaingia kwenye madai ya dawa, na dawa lazima ithibitishwe. Lebo nyingi zinasimama katikati ya mlango, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Kwa hiyo ukikutana na chupa ya nano, muulize muuzaji mambo matatu. Ndani kimebebwa nini? Kibebeo ni kipi? Na nani alihesabu nywele, kabla na baada? Akikujibu la tatu tu, msikilize. Akikujibu kwa kusema ni asilia, mkumbushe kwamba hata risini ni asilia.

Nyonyo ya bibi nimenunua, chupa mbili, naipenda kwa kung'arisha nywele na bei yake ni ya haki. Yeye mwenyewe hakuniahidi zaidi ya hapo. Anayeahidi zaidi ni yule aliyeibandika lebo mjini, na huyo ndiye anayepaswa kutujibu.

Alamsiki wadau.